MAZIWA KATIKA CHAI YETU, NA MTU AMBAYE TUMBO LAKE HALIYATAKI

(Maneno haya yalisemwa na ndugu mmoja wa kazi ya njia ya reli katika mkutano wa tawi letu. Wanachama wengi waliomba yapigwe chapa, ili wale waliokuwa zamu siku ile wapate kuyasoma.)



Nimepewa nusu saa ya kusema juu ya maziwa. Najua wako waliocheka waliposikia hivyo, kwa maana mkutano wa chama ni mahali pa kusema juu ya mshahara, nyumba na saa za ziada. Lakini tumbo la mfanya kazi nalo ni jambo la kazi. Dereva wa gari moshi hawezi kusimama porini kati ya Mtito Andei na Voi kwa sababu tumbo limemshika. Mtu wa geti hawezi kuacha barabara wazi akakimbilia choo. Na yuko ndugu mmoja, sasa yumo katika genge letu, ambaye zamani alipokuwa akifanya kazi kwa kontrakta mmoja aliandikiwa barua ya onyo mara mbili kwa kosa la kuacha kazi pasipo ruhusa. Mara zote mbili alikuwa chooni, kama saa moja baada ya chai ya saa nne. Watu walisema ni mlevi. Mtu yule hajaonja pombe tangu abatizwe.

Ndugu huyo alikwenda kliniki moja akapewa dawa za ameba. Akapona siku tatu, maana siku zile tatu hakuwa na hamu ya kunywa kitu. Aliporudia chai, tumbo likarudi. Akapewa dawa za ameba tena, na mara ya tatu tena. Fedha zilikwisha, na hakuna aliyemwuliza neno moja, yaani, “Wewe wanywa nini asubuhi?” Mwuguzi mmoja mzee ndiye aliyemwuliza mwishowe. Akamwambia aache maziwa majuma mawili. Siku ya tano alikuwa mtu mwingine.

Basi nataka kuwaelezeni jambo lenyewe ni nini, halafu tuone mtu wa namna hii anywe nini, kwa kuwa kumwambia mtu wa Kenya aache chai ya maziwa ni kama kumwambia aache kusalimu watu.

Maziwa yana sukari yake, jina lake laktosi. Sukari hii ni kama mabehewa mawili yaliyofungwa pamoja. Hayawezi kupita katika mlango wa damu mpaka yafunguliwe. Mfunguaji yumo ndani ya utumbo mwembamba, naye aitwa laktesi. Mtoto mchanga anaye tele, maana chakula chake chote ni maziwa. Lakini kwa watu wengi mfunguaji huyu hupungua baada ya mtoto kuachishwa ziwa. Wataalamu wakadiria kwamba karibu watu wawili katika kila watu wazima watatu duniani wako hivyo. Sukari isipofunguliwa yashuka mpaka utumbo mpana. Huko kuna bakteria wanaoishi siku zote, nao huila sukari ile na kutoa hewa, na maji mengi huvutwa ndani. Basi tumbo hufura, hunguruma, huuma, na mtu huharisha. Mara nyingi huanza baada ya nusu saa, au saa moja, au saa mbili.

Wala si aibu, wala si kurogwa. Mwaka 2007 wataalamu, akiwamo mama mmoja Mmarekani aitwaye Sarah Tishkoff, walitoa habari za uchunguzi wa watu 470 wa Tanzania, Kenya na Sudan. Waliona kwamba wengi katika watu waliofuga ng'ombe vizazi na vizazi wana mabadiliko katika mbegu zao za uzazi ambayo humfanya mfunguaji yule aendelee kufanya kazi mpaka uzee. Na mabadiliko hayo si yale ya Wazungu, bali yalitokea huku huku kwetu, miaka elfu kadhaa iliyopita. Lakini msichukue habari hii mkaanza kupimana kwa kabila. Wako Wamaasai ambao maziwa huwasumbua, na wako watu wa Pwani wanaokunywa lita nzima wakalala usingizi. Kila mtu na tumbo lake.

Tena yuko mtu ambaye alikunywa maziwa miaka yote bila shida, akashikwa na kuhara kukali, na baada ya hapo maziwa yakamkataa. Huyo ngozi ya ndani ya utumbo wake imeumia. Mara nyingi, baada ya majuma kadhaa, hupona na kurudia chai yake.

Hapa niwaonye juu ya kitu kingine ambacho watu huchanganya na hiki. Mtu mwingine, zaidi mtoto mdogo, mwili wake hukataa protini ya maziwa. Hiyo ni aleji. Akinywa hutoka vipele, midomo huvimba, au hukosa pumzi. Mambo ya kupunguza kikombe nitakayosema baadaye si ya mtu huyo hata kidogo. Huyo ni wa hospitali, na hata tone moja si la kujaribia nyumbani.

Mtu atajuaje kama tumbo lake ni la namna hii? Hospitali kubwa zina kipimo cha pumzi. Mtu hunywa laktosi, kisha hupuliza katika chombo, nacho huonyesha hewa iliyofanywa tumboni. Asiyeweza kufika huko aweza kufanya kama yule mwuguzi alivyosema. Aache maziwa yote majuma mawili, aandike katika daftari tumbo lilivyo kila siku, kisha ayarudishe aone. Lakini akiona damu katika choo, au akikonda, au akiwa na homa, au tumbo likimwamsha usiku, asijifanye daktari. Aende akapimwe. Mambo hayo si ya laktosi.

Sasa, kuacha maziwa yote kuna hila zake. Kuchemsha hakuondoi sukari ile. Kuondoa mafuta hakuiondoi. Maziwa ya pakiti ya kukaa muda mrefu yanayo, ya unga yanayo, ya mkebe yanayo. Maziwa ya mbuzi yanayo, yamepungua kidogo tu, na ya ngamia yanayo vilevile. Mama mkwe wangu huniletea maziwa ya mbuzi kila ajapo kutoka nyumbani, kwa kuwa alisikia ni dawa. Nampokea kwa mikono miwili, nashukuru, na watoto wanayanywa. Samli haina shida, na siagi ina kidogo sana.

Jambo la kwanza la kuchagua ni hili: je, ni lazima uache kabisa? Watu wengi wenye tumbo hili waweza kuvumilia gramu 12 za laktosi kwa mara moja, nazo ni kama glasi moja ya maziwa, zaidi wakila na chakula. Hebu tufanye hesabu. Kikombe kikubwa cha chai ya nusu kwa nusu kina maziwa kama mililita 150, yaani laktosi gramu 7 hivi. Kikombe kimoja pamoja na viazi vitamu au mkate, wengi watapita salama. Lakini mtu wa genge hunywa vikombe viwili vikubwa saa nne, tumbo tupu tangu saa kumi na moja alfajiri. Hizo ni gramu 14 kwa mara moja. Basi mwingine dawa yake ni kikombe kimoja badala ya viwili, na chakula kitangulie. Haigharimu hata senti.

La pili ni maziwa lala. Bakteria wanaogandisha maziwa hula sehemu ya laktosi na kuigeuza kuwa ule uchachu, na wale waliobaki hai humsaidia mtu kufungua sukari tumboni mwake. Ndiyo sababu wako ambao maziwa mabichi huwaangusha na lala haiwafanyi kitu. Yogati ni vivyo hivyo, ila zile za dukani zimejaa sukari ya kawaida. Mursik ya Wakalenjin katika kibuyu chake, na susa ya Wasomali ya maziwa ya ngamia, zatoka katika busara hiyo hiyo, na wazee wetu waliijua kabla neno laktosi halijafika. Lakini maziwa yachemshwe kwanza, ndipo yagandishwe. Maziwa mabichi yaweza kuleta ugonjwa wa brusela, nao humkalisha mtu nyumbani miezi. Na kwa bahati mbaya lala haiwezi kutiwa katika chai. Anayetaka chai nyeupe na atafute kwingine.

La tatu ni maziwa ya ng'ombe yaliyotiwa mfunguaji kiwandani. Sukari imekwisha kufunguliwa kabla hujanywa, ndiyo maana yana utamu zaidi. Yana protini na kalsiamu ile ile. Ni mazuri kabisa, ila hayapatikani katika kila duka, na bei yake si ya kila mtu. Ndugu mwenye kisukari asidanganyike: sukari haikutolewa, imekatwa tu.

Nafika kwenye maziwa yasiyo ya mnyama, na hapa ndipo watu wanapotupa fedha. Ukiingia supamaketi ya Nairobi utaona pakiti zimepangwa: lozi, soya, oti, nazi, mchele. Zote zimeandikwa maneno mazuri, na bei yake ni mara kadhaa ya maziwa ya ng'ombe. Mtu hudhani kwa kuwa ni nyeupe basi ni maziwa. Glasi moja ya maziwa ya ng'ombe ina protini kama gramu 8 na kalsiamu kama miligramu 300. Glasi ya maziwa ya lozi ina protini kama gramu 1 tu. Kwa hakika umenunua maji. Ya mchele ni hivyo hivyo, na sukari juu. Ya oti yana ladha nzuri katika chai, protini kama gramu 2 au 3, lakini nafaka ile katika kutengenezwa hugeuka sukari, na mwenye kisukari aihesabu. Soya ndiyo inayokaribia ng'ombe, kwa kuwa ina protini gramu 7 au 8 kwa glasi.

Ukinunua pakiti, geuza nyuma usome. Tafuta iliyoandikwa kwamba haikutiwa sukari, na kwamba imeongezwa kalsiamu, vitamini D na vitamini B12. Mimea haina B12 ya kutegemea, na kalsiamu ya soya yenyewe ni ndogo. Tena tikisa pakiti kabla ya kumimina, maana kalsiamu iliyoongezwa hukaa chini, na mtu asiyetikisa humwachia mwoshaji wa vyombo faida yote.

Lakini sisi wengi hatutanunua pakiti. Basi nitasema jinsi tufanyavyo nyumbani kwangu, maana nimeulizwa mara nyingi na dada zetu wa ofisini.

Twaa kikombe kimoja cha soya kavu. Chagua, osha, loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, sugua maganda yatoke kadiri yawezavyo. Saga kwa mashine au kinu pamoja na maji safi vikombe sita au saba. Chuja kwa kitambaa safi, ukikamua. Kisha chemsha maji yale meupe polepole, ukikoroga, dakika ishirini baada ya kuanza kutokota. Usiondoke jikoni! Hupanda povu na kumwagika kuliko maziwa ya ng'ombe. Na usifupishe dakika zile, kwa sababu soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kumeng'enya protini, na moto ndio unaokiua. Mtu aliyekunywa soya isiyoiva vizuri atasema soya ni mbaya kuliko maziwa. Ile harufu ya maharage hupungua ukitia tangawizi au iliki kidogo. Makapi usitupe. Yapikwe, au yachanganywe katika unga wa chapati. Kilo moja ya soya hutoa lita sita au zaidi, na mkifanya hesabu wenyewe sokoni mtaona haishindwi na bei ya maziwa ya pakiti.

Ukitia soya katika chai ya moto sana hukatika ikawa mabonge. Pasha soya moto kwanza, chai ipoe kidogo, kisha mimina chai juu ya soya polepole. Bila friji, kunywa siku hiyo hiyo. Penye friji hukaa siku mbili au tatu. Ule unga wa soya iliyokaangwa, wa rangi ya kahawia, unaouzwa kuwa badala ya majani ya chai, ni kinywaji kizuri, lakini nyingine zimechanganywa na unga wa maziwa. Someni.

Karanga pia hutoa maziwa mazuri kwa njia hiyo ya kuloweka, kusaga na kuchemsha. Hapo hofu yangu ni moja, nayo ni sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Mwaka 2004 watu 125 walikufa, wengi wao huko Makueni na Kitui, kwa kula mahindi yenye ukungu, na wengi wetu hapa tunapita na gari moshi katika nchi ile. Karanga hushikwa na ukungu huo huo, na kuchemsha hakuuondoi. Karanga iliyosinyaa, iliyogeuka rangi au yenye uchungu itupwe. Msinunue zile za bei ya chini zilizopepetwa kutoka katika nzuri.

Juu ya tui la nazi, ndugu zangu wa Mombasa msinikasirikie. Wali wa nazi sijaugusa. Lakini tui si badala ya maziwa kwa mtu aliyeambiwa ana mafuta mengi katika damu. Tui zito lina mafuta mengi sana, na karibu yote ni ya ule mfano unaozidisha kolesteroli, na protini yake ni kidogo. Mtu wa kolesteroli ambaye tumbo lake halina ugomvi na maziwa, afadhali anywe ya ng'ombe yaliyotolewa mafuta, au soya. Naye mwenye ugonjwa wa figo asichague lolote kwa kusikiliza maneno yangu. Protini, na madini ambayo watu wengine tunayatafuta, kwake huhesabiwa na daktari.

Watoto nao nisiwasahau. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe maziwa ya soya, ya karanga wala ya lozi yawe badala ya ziwa la mama. Mzazi mwenye tumbo hili asidhani mtoto wake mchanga analo. Ni jambo la nadra sana kwa mtoto kuzaliwa hivyo.

Na mifupa? Mtu mzima ataka kalsiamu kama miligramu 1000 kwa siku. Aliyeacha maziwa na asiyeweka kitu mahali pake ataona hasara uzeeni, akianguka. Lakini chakula chetu kinayo. Omena huliwa na mifupa yake, wala haina mpinzani. Wimbi lina kalsiamu zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100 za unga mkavu, na uji uliochachushwa hutoa zaidi kuliko usiochachushwa. Sukuma wiki ni nzuri, mwili huipokea kalsiamu yake vema. Mchicha na spinachi zina nyingi kwenye hesabu za vitabu, lakini imefungwa, na mwili hupata kidogo tu. Kwa hiyo mtu wa uji wa wimbi asubuhi, na omena na sukuma jioni, hana sababu ya kuogopa turungi ya saa nne.

Nimalizie na shauri letu la kantini, maana ndilo lililonifanya niombe nafasi hii. Chai ya kantini hupikwa pamoja, maji, majani, maziwa na sukari, yote katika birika moja kubwa. Asiyeweza maziwa hana chai. Mwenye kisukari naye hana chai. Wao hukaa pembeni na maji ya bomba kana kwamba wameadhibiwa. Twaomba mabirika mawili: moja la turungi, moja la maziwa ya moto, na sukari mezani. Kila mtu ajichanganyie. Maziwa yatakayotumika hayatazidi, huenda yakapungua. Twaomba pia paketi za lala ziwekwe pamoja na soda.

Na kwa habari za barua za onyo, kila mwanachama ajue kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yasema kuwa kabla ya mwajiri kumfukuza mtu kwa ajili ya tabia, kazi mbaya au udhaifu wa mwili, ni lazima amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mtu huyo ana haki ya kuwa na mfanya kazi mwenzake au mjumbe wa chama. Kwa hiyo aliye na tumbo la namna hii apate karatasi ya daktari mapema, ampe mjumbe wake nakala. Asingoje kuitwa ofisini ndipo aanze kueleza mambo ya choo mbele ya meza.

Katibu ana daftari pale mlangoni. Ambaye chai ya kantini humsumbua aandike jina na namba yake ya kazi, au kama aona haya, aandike namba tu. Tukienda kuzungumza juu ya mabirika, twataka kuonyesha hesabu ya watu. Mpaka jana tulikuwa na majina kumi na saba, na zamu ya usiku hawajaulizwa.